Kadi Iliyokaa Bungeni

Kaeni, watu wa Mungu, kaeni. Shosho, bibi yetu, wewe uliyesimama pale mlangoni na bakora, nimekuona. Nivumilie kidogo. Mahubiri ya leo ni yako.

Mimi shule sikumaliza, hilo mnalijua. Lakini mambo ya bunge la Uingereza, kutoka hapa mpaka ng'ambo ya mlima hakuna mtu wa kuniambia kitu. Nilimpikia yule daktari mama Mskoti wa misheni miaka kumi na minne, na chapati zangu alisema hata huko kwa wafalme hazipo. Saa kumi jioni chai iko mezani, redio ya London inanguruma, naye ananieleza: huyu ni wa chama hiki, yule ni wa kile. Siku Waskoti wakishinda jambo kule bungeni, mama alikuwa anapiga meza mpaka vikombe vinaruka dirishani. Mimi navidaka.

Siku hizo, jamani! Gari la moshi bado lilikuwa linapita hapa chini. Likipiga honi, ng'ombe wa kata nzima wanageuza vichwa, na wewe unajua ni saa nne, huhitaji saa ya mkononi. Leo reli imeota nyasi. Mbuzi wanalala juu yake kama ni kitanda chao.

Basi kulikuwa na mbunge mmoja, Mskoti, kutoka bonde la kondoo na baridi, baridi ya kugandisha chai mdomoni. Bonde lile njia yao ilikuwa moja tu: gari la moshi. Siku anaondoka kwenda bungeni, shosho mmoja mjane alimshika koti pale stesheni.

"Kijana wangu, mimi sikuombi barabara. Sikuombi kazi ya wajukuu. Wakitaka kulifunga hili gari letu, wewe simama useme hapana. Basi."

"Mama, nitasimama."

Sasa shikeni hili. Bunge lile lina wabunge zaidi ya mia sita, lakini viti havitoshi. Ndiyo! Waliotawala dunia nzima, kwao wanagombania viti! Kwa hiyo wana desturi yao. Kabla ya kikao kuna sala. Ukihudhuria sala, unachomeka kadi yenye jina lako kwenye kiti, na kiti hicho ni chako siku hiyo, hata ukitoka kwenda zako.

Siku ya kwanza, Mskoti wetu alisali amefumba macho, machozi yanateremka, anamtaja yule shosho na gari lake. Jirani yake, mbunge wa chama kikubwa, akamgusa kiwiko.

"Mheshimiwa, wewe unasali kweli?"

"Kwani hii si sala?"

"Maskini, kweli umetoka milimani! Sisi hapa tumefuata kiti. Weka kadi, twende chai."

Mskoti wetu akacheka naye. Siku ya pili akafumba jicho moja. Mwaka wa tatu alikuwa anachomeka kadi hata "amina" haijafika mwisho.

Ukatokea uchaguzi, vile vyama viwili vikubwa vikatoshana nguvu kabisa. Vyote viwili vikawa vinawahitaji Waskoti wale wachache wa chama chao kidogo. Ehe! Watu waliokuwa wanachekwa kwa matamshi yao, sasa wanafunguliwa milango. Mskoti wetu akanenepa. Akanunua suti tatu.

Ndipo serikali ikaleta bungeni jambo la kufunga lile gari la moshi. Asubuhi hiyo aliwahi sala, akachomeka kadi benchi la mbele kabisa, pale kamera za televisheni zinapoona vizuri. Akatoka kidogo. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anamngoja kwenye varanda ya bunge inayotazama mto, na keki.

"Mheshimiwa, bila ninyi Waskoti nchi hii haisimami."

"Nisikae sana, lakini. Leo ni reli yangu."

"Kiti chako si kina kadi? Nani atakigusa? Hebu tuambie ulivyoanza. Nasikia zamani ulikuwa simba."

Hapo ndipo alipokwisha. Akaanza kusimulia. Zamani nilifanya hivi, zamani nilimjibu waziri hivi. Jinsi alivyokuwa anasali akilia, jinsi shosho alivyomshika koti. Watu wa meza ile wanapangusa macho.

Kengele ikalia. Kule kura hazipigwi kwa kuinua mkono. Unapita mlangoni kwa miguu yako, unahesabiwa, na baada ya dakika nane mlango unafungwa, uwe nani, uwe wa wapi. Yeye yuko kwenye hadithi, kengele anaisikia kama kengele ya jirani. Alipokuja kushtuka alikimbia, suti inapepea, akaukuta mlango umefungwa. Akagonga mpaka vidole vikavimba.

Gari la shosho lilishindwa kwa kura moja.

Alirudi kwao kwa lile lile gari, safari ya mwisho ya gari lenyewe. Stesheni nzima tupu, shosho peke yake na shali yake.

"Mama," akasema, "usidhani sikuwepo. Kiti changu kilikuwa mbele kabisa. Kadi yangu ilikuwa pale!"

"Niliiona, mwanangu. Televisheni ilionyesha. Jina lako limeandikwa vizuri sana." Akakaza shali yake. "Tulikaa bonde zima, tukingoja hiyo kadi isimame iseme."

Mko pamoja nami?

Sisi tunamcheka Mskoti wa watu. Na sisi je? Mama yangu mzazi alikuwa anakuja kanisa hili miguu mitupu, kilomita ishirini, arobaini na kurudi, anakaa chini kwenye vumbi, na akiomba mabati yanalia. Wazee wa uamsho, nani hawakumbuki? Tunawasimulia vizuri, tunapangusa macho. Hata mimi hapa, naweza kuwaeleza vile nilivyokuwa naomba zamani mpaka kesho kutwa. Lakini wiki hii nimemwombea nani? Na wewe? Ni nani alikushika koti ukasema nitasimama, na jina lako tu ndilo limekaa hapa, kwenye kikundi cha akina mama, kwenye kwaya, kwenye kamati?

Kengele haiulizi ulikuwa nani zamani.

Nimefika hapa saa mbili kamili. Benchi la tatu kutoka mbele lilikuwa na mkoba, kitabu cha nyimbo na leso moja ya maua. Hao ndio waumini waliowahi. Wenyewe walikuwa nje wanaongea siasa, na mpaka sasa wawili hawajaingia. Na shosho wetu amesimama mlangoni na bakora yake tangu wimbo wa kwanza, anaambiwa, hapa pana mtu.

Basi sote tusimame tuombe. Na ule mkoba wa benchi la tatu, kama unaweza, nao usimame.