Unyayo Chini ya Beseni

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune kimyakimya. Kisa hiki ni cha watoto watatu na mguu mmoja. Mguu wenyewe ulikuwa mdogo, unatosha kwenye kiganja, lakini uligombaniwa kama shamba la urithi. Mwisho nitawauliza swali, na nawaonya mapema kwamba mimi jibu sina.

Katika milima ya Taita palikuwa na nyumba moja yenye watoto wanne. Watatu wa kwanza kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wakesho, msichana wa miaka kumi, alikuwa na mgongo. Mtoto yeyote aliyefungwa kwenye mgongo ule alinyamaza kabla mbeleko haijakazwa.

Mwadime, mvulana wa miaka minane, alikuwa na mikono. Ukimpa panga na kamba ya mkonge asubuhi, jioni utakuta banda la kuku au mtego wa panya, na panga lenyewe halionekani.

Mghoi, wa miaka sita, alikuwa na sauti. Akiwaita mbuzi walio ng'ambo ya kijito, walikuja wa kwao na wa jirani.

Wa nne alikuwa Mwakio. Huyo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, meno kumi na mawili, na hatembei.

Sasa, katika ukoo ule palikuwa na desturi. Mtoto aliyechelewa kutembea akipiga hatua, nyanya yake huchota udongo wa unyayo wa kwanza, akaufunga kwenye kitambaa, akampa mtu aliyemfanya mtoto yule atembee. Mtu mmoja, si wawili, kwani udongo ukigawanywa, walisema, miguu nayo itashika njia mbili. Tangu siku hiyo mtu huyo huitwa mshika unyayo. Mtoto akiugua, yeye huitwa kwanza. Akitaka kuoa, yeye huambiwa kwanza. Hata akiota mvi, hafungi safari kabla ya kumuaga.

Baba yao naye alichelewa kutembea. Mshika unyayo wake alikuwa dada yake, shangazi Righa, aliyeishi bondeni. Baba alikuwa mwashi mjini Voi, na siku alipoanguka kazini akavunjika mkono, simu ilipigwa kwa Righa. Mama alizipata habari kesho yake, kisimani.

"Nimeolewa miaka kumi na miwili," Mama alikuwa akisema kila apepetapo maharagwe, "na habari za mume wangu bado naletewa na wifi, kama salamu za jirani."

Wengine waliyasikia maneno hayo wakacheka. Wakesho aliyasikia akayaweka. Alielewa kwamba mke huja baadaye, mshika unyayo huja kwanza. Mwakio alikuwa amefungwa mgongoni mwake tangu ana miezi mitatu. Aliijua harufu ya kichwa chake kama anavyoijua harufu ya mto wake wa kulalia. Ikiwa kuna mtu wa kuitwa kwanza siku Mwakio akivunjika mkono, basi mtu huyo ni yeye, na hakuona haja ya kumuuliza yeyote.

Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha, mawingu yalianza kukaa juu ya mlima bila kuondoka. Masika yalikuwa njiani. Shamba la mahindi lilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko, na siku za shule Wakesho hakuwepo. Mama hakuweza kupanda mteremko ule na mbegu, jembe na mtoto anayening'inia kama gunia.

"Masika yakinikuta na huyu mgongoni," alisema, "mwaka huu tutakula majani."

Nyanya, mama yake baba, aliyekuwa na nyumba yake kwenye ua uleule, aliwaita wajukuu wake watatu. Aliwaambia kwamba atakayemfanya Mwakio atembee ndiye atakayepewa unyayo. Kisha akamtazama Wakesho akatabasamu. "Mke mwenzangu, wewe usijifungie ushindi kwenye mbeleko. Wenzako nao wana damu."

Nyanya aliwatania wajukuu wake wa kike hivyo siku zote. Siku hiyo Wakesho hakucheka.

Kazi ikaanza.

Wakesho alifuatana na Mama kwenda zahanati. Muuguzi alimgeuza Mwakio huku na huku, akamgonga magoti, akasema mifupa ni mizima. Akauliza mtoto hushinda wapi. Mama akajibu kwamba hushinda mgongoni, zaidi kwa dada yake. Muuguzi akamtazama Wakesho. "Basi miguu yake haijapata kazi hata siku moja," alisema. Kisha akaonyesha namna ya kuikanda. Neno la kwanza Wakesho alilipokea kama kofi, la pili kama agizo. Kila alfajiri na kila jioni alipasha mafuta, akakanda mapaja, akakunja magoti na kuyanyoosha, mara thelathini kila upande. Mwakio alimpiga mateke usoni. Wiki ya tatu mateke yale yaliuma, na Wakesho akajua kazi inakwenda vizuri.

Mwadime hakwenda zahanati. Alichimba shimo chini ya upenu wa jiko, kina cha kumfikia Mwakio kiunoni, akalitandika nyasi kavu, akamsimamisha ndani. Mwakio alilia siku mbili. Siku ya tatu alisimama humo akila muhogo kama mtu aliye dirishani. Kila baada ya siku chache Mwadime alirudishia udongo kidogo, shimo likapungua kina, hadi mtoto akawa amesimama juu ya ardhi bila kujua. Hapo akachomeka miti miwili uani na kufunga ufito kati yake kwa mkonge. Mwakio akaushika ufito, akawa anakwenda kando kando kama kaa, mwanzo hadi mwisho na kurudi.

Mghoi hakukanda wala hakuchimba. Alikaa hatua chache kutoka kwenye ufito akaita. Aliita kama kuku, kama mbuzi, kama Baba akishuka kwenye gari la Voi. Aliita kwa nyimbo alizozitunga hapo hapo, nyingi zikihusu uji. Mwakio aliacha kula akimsikia. Hata akiwa mgongoni alikuwa akigeuza shingo kuifuata sauti ile, na Wakesho alipohisi shingo ikigeuka, alikaza fundo la mbeleko.

Mwadime hakuwa kipofu. Jioni moja alimwambia dada yake mbele ya Mama, "Wewe ndiye uliyemchelewesha. Mgongo wako ndio miguu yake." Mama akamkanya. Jioni hiyo Wakesho alimletea Mwadime uji bila sukari.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini nikiparuka nitakuwa nimewadanganya.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda shule. Ardhi ilikuwa bado kavu, ngumu kama sakafu. Mwakio alikuwa ameshika ufito, na Mghoi alikuwa mlangoni pa jiko akiimba habari za uji. Wakesho alitoka kijitoni na ndoo kichwani. Aliona mkono mmoja wa Mwakio ukiuacha ufito, kisha wa pili. Goti likakunjika. Kisigino kikainuka. Macho ya mtoto yalikuwa kwa Mghoi.

Wakesho alitua ndoo, maji yakamwagika nusu, na kabla mguu ule haujagusa chini Mwakio alikuwa mgongoni, mbeleko imefungwa.

"Dada, alikuwa anakuja," alisema Mghoi.

"Alikuwa anaanguka."

Nyanya alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake akichambua mbegu. Hakuinua kichwa.

Jumamosi mvua ya kwanza ikanyesha. Ilianza asubuhi ikakatika baada ya chakula cha mchana, na ua wote ukawa laini kama unga uliokandwa. Mama alikuwa upenuni akinoa jembe. Wakesho alitumwa kuni. Kwa vile angebeba mzigo, aliitundika mbeleko kwenye msumari wa mlango.

Mghoi aliitungua. Akajifunga kifuani, akaenda akasimama hatua tatu kutoka kwenye ufito, akageuza mgongo na kuinama, kama wanavyoinama wanaobeba. Kisha akaita, "Mwakio, njoo nikubebe."

Mwakio akauachia ufito. Akapiga moja. Akapiga mbili. Akapiga tatu, akaanguka juu ya mgongo wa Mghoi na kuficha uso ndani ya mbeleko.

Wakesho alitokea kwenye kona ya nyumba na kuni kichwani. Aliiona hatua ya pili na ya tatu. Ya kwanza hakuiona.

Jembe la Mama likaanguka. Nyanya alikuja upesi kuliko umri wake, kitambaa cheupe tayari mkononi, akasimama kando ya ufito. Unyayo ulikuwa pale kwenye tope, vidole vitano na kisigino kilichozama, na ncha ya kidole gumba imeelekea jikoni. Akawauliza watoto, kila mmoja aseme lake.

"Alikuja kwangu," alisema Mghoi.

"Alitoka kwangu," alisema Mwadime, mkono juu ya ufito. "Bila huu angesimama wapi?"

Wakesho alikuwa hajatua kuni. "Alifuata mbeleko. Mbeleko ni yangu. Na miguu nimeikanda mimi."

"Na Jumatano alifuata mbeleko gani?" Mghoi akauliza. "Nilimwita, na wewe ukamnyakua."

Nyanya akamgeukia Wakesho, na mara hii hakutania. Alimwita kwa jina lake. "Wakesho, ni kweli?"

Angeweza kukataa. Ardhi ya Jumatano ilikuwa ngumu, haikuweka alama, na Mghoi ni mtoto wa miaka sita ambaye kila siku ana hadithi mpya. Wakesho aliutua mzigo wa kuni chini, mti mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nafasi ya kufikiri.

"Alikuwa anatembea," alisema. "Nilimwinua."

Mama akauliza kwa nini.

"Kwa sababu hakuwa anakuja kwangu."

Mwadime alisema hapo hakuna kesi tena, aliyezuia hatua hawezi kupewa hatua, tena ndiye aliyemlemaza kwa kumbeba tangu mwanzo. Mama akasema Wakesho alimbeba kwa sababu yeye Mama alimfunga mtoto mgongoni mwake. Lawama hiyo kama ipo, waje nayo kwake. Akasema pia kwamba aliyekanda miguu wiki sita, alfajiri na jioni, asihesabiwe kwa asubuhi moja. Mghoi akasema yeye hajamzuia mtu, hajampiga mtu, ameita tu na mtoto akaja, sasa wanataka nini zaidi. Mwadime akamjibu kwamba tangu mwaka jana alikuwa akiita na mtoto hakuja, hadi shimo lilipochimbwa.

Nyanya aliwasikiliza wote. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba mguu usiokandwa hausimami, uliosimama bila cha kushika unaanguka, na uliozoea kushika hauachii mpaka uitwe. Alikunja kitambaa, akakikunjua. Alikuwa na wajukuu watatu na unyayo mmoja.

Ngurumo ikasikika upande wa bondeni. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yenye nafasi kati yake. Moja lilitua kwenye kisigino cha unyayo likaacha kishimo.

"Nyanya, utafutika," Mghoi akasema.

Nyanya akatazama huku na huku. Upenuni palikuwa na beseni la mbegu za maharagwe. Alizimwaga kwenye ungo, akaja akalifudikiza beseni juu ya unyayo, akaweka jiwe juu yake. "Mvua ikikatika nitaamua," alisema, na wote wakakimbilia upenuni.

Mvua ikanyesha juu ya beseni kama ngoma. Walikaa wakilitazama. Mghoi aliivua mbeleko, akampa dada yake. Wakesho akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka mapajani. Alitaka kumfunga Mwakio, lakini Mwakio hakuwepo wa kufungwa. Alikuwa ameingia ndani kwa miguu yake, ameshika ukuta, halafu ameuacha, na alikuwa akizunguka sakafuni akiacha alama za tope kila mahali. Hakuna aliyekuwa amemwita. Hakuwa anakwenda kwa mtu.

Mvua ile itakatika, maana hakuna mvua isiyokatika. Nyanya atainua jiwe, atainua beseni, atachota udongo. Atamtazama aliyeikanda miguu, akaizuia, kisha akaukubali ukweli wakati uongo ungemfaa. Atamtazama aliyeisimamisha. Atamtazama aliyeiita kwa sauti yake mwenyewe na mbeleko ya mwenzake. Kitambaa ni kimoja, na mkono wa kukipokea ni mmoja.

Nanyi mliokuwa mkitafuna, mezeni kwanza, kisha semeni: beseni lingekuwa mbele yako, je, udongo ule ungemkabidhi nani?