Kaa Aliyekwangua Ukoga

Enyi mlioketi!

Tumeketi!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, yote mawili!

Basi hapo kale, kale kabisa, katika hori moja ya bahari, palikuwa na Kaa asiye na nyumba. Kila maji yakijaa, Pweza alikuja kuwinda, na Kaa akakimbia huku na huku mpaka pumzi zikamwishia.

Siku moja watu wakasimika boriti mpya majini. Ilikuwa ya mti wa mkandaa, imechongwa ikawa laini. Kaa akaizunguka.

"Hapa watakaa akina Chaza," akasema. "Magamba yao yatabanana, nami nitajificha katikati. Pweza atalala njaa!"

Lakini kabla ya Chaza kufika, wakaja watu wa Ukoga. Hao ni viumbe wadogo mno. Wakijaa kwenye ncha ya sindano, huwaoni. Wakatoa ute wao, wakashikana, wakaimba:

*Twashika, twashikana,*
*nyumba twaitandika.*

"Wachafu nyie!" Kaa akafoka. "Mnanitilia utelezi, nami nangoja wageni!" Akakwangua kwa gando lake, kwaru, kwaru, boriti ikang'aa.

"Haya, baba, tumekwenda," wakasema.

Maji yakapwa, yakajaa. Wakarudi, wakaimba. Kaa akakwangua, kwaru, kwaru.

Maji yakapwa, yakajaa. Wakarudi mara ya tatu, pamoja na jamaa zao wa rangi ya kahawia. Kaa akakwangua mpaka gando likamuuma.

Ndipo akaja Bi Chaza. Alikuwa bado mdogo, anaogelea, anatafuta pa kukaa maisha yake yote. Akaigusa boriti, akaionja, akageuka.

"Karibu, Bi Chaza! Nimekusafishia!"

"Ndiyo maana, mjomba. Hapana ladha ya mtu. Watu wa Ukoga wasipokaa, mimi nitajuaje kama panakalika? Sisi tukishakaa hatuhami. Kwaheri."

Kaa akaduwaa. Pale pale Pweza akamrukia, akamshika gando. Huyu akavuta, huyu akavuta, gando likakatika. Kaa akaponea chupuchupu.

Akawaendea watu wa Ukoga upande upande, safari hii kwa aibu.

"Shikamooni."

"Marahaba! Leo umekuja bila ufagio?" Wakaangua kicheko.

"Ufagio kauchukua Pweza. Nisameheni, jamaa zangu. Rudini."

"Na ufagio ukiota mwingine?"

"Nitaulia chakula tu."

Wakarudi, wakashikana, wakaitandika boriti yote. Bi Chaza akapita tena, akaonja.

"Ahaa! Hapa pana wenyewe!" Akakaa. Ndugu zake wakakaa kando yake na juu yake, mpaka magamba yakaacha nyufa za kutosha.

Maji yakajaa, Pweza akaja. Kaa akajitosa katika ufa. Pweza akatia mkono, magamba yakamchana. Akatia wa pili, yakamchana. Akatia wa tatu, yakamchana zaidi.

"Ninayo minane," akasema Pweza, "lakini yote naipenda." Akaenda zake.

Nanyi mlionisikiliza, funzo ndilo hili: usimfukuze mdogo aliyetangulia kwa sababu tu huioni kazi yake. Mgeni unayemngoja huenda anamtazama yeye kwanza.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aende nayo kwao; asiyeipenda aniachie, nitampa mwingine.