Mbiu Ililia Siku ya Matanga

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Ina matope miguuni.
— Iingie hivyo hivyo!
Imetoka msibani.
— Itandikieni mkeka, ikae.

Haya, sogeeni. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole, usije ukanizidi sauti.

Hapo kale, enzi watu na wanyama walipokuwa wakiamkiana njiani, palikuwa na kijiji kikiitwa Mtondoni. Kijiji kidogo, moshi wa nyumba hii unaliza macho ya nyumba ile. Katikati palikuwa na kisima, na maji yake matamu, ukinywa kata moja unaomba ya pili. Hapo aliishi Mwanatumu na mumewe Kibwana, mkwezi wa minazi. Ubavuni mwao aliishi Mashavu na bintiye mdogo, Tunu. Mwanatumu hakujaliwa mtoto, basi Tunu akawa nusu wake. Alicheza huku, akala kule, akalala popote usingizi ulipomkuta.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Nyumba moja ikifiwa, wamefiwa wote. Jembe linalazwa, biashara inafungwa, watu wanakaa na mfiwa mkekani mpaka matanga yaanuliwe. Na haondoki mtu mpaka mfiwa mwenyewe atamke, "Nendeni." Desturi nzuri hiyo, mimi mwenyewe naipenda. Lakini hata kizuri kina mahali pa kushikiwa, na Fisi alipaona.

Ehe, Fisi. Mlidhani hatakuja?

Fisi kazi yake ilikuwa kuzoa taka za miji mikubwa. Mifupa, maganda, matambara, vitu vilivyooza hata majina vimepoteza. Akatafuta pa kuzimwaga. Akaona kilima nyuma ya nyumba za Mtondoni, juu ya kisima. Akavuka mto mpaka bomani kwa Jumbe, akaomba kibali.

Jumbe akamwambia, "Sheria yetu unaijua. Mbiu italia, majirani watakuja. Anayekataa aje akatae. Asiyekuja amekubali."

Mbiu ikalia. Watu wa Mtondoni wakavuka mto, Kibwana mbele.

"Majirani, mpo?" akauliza Jumbe.

"Tupo."

"Mnasemaje?"

"Tunakataa," akasema Kibwana. "Mvua ikinyesha kilimani, maji yanashukia kisimani. Hata kuku wetu wanalijua hilo."

Fisi akarudi mikono mitupu. Akangoja masika yapite, akaja tena, safari hii amejifunga kilemba. Mbiu ikalia, watu wakavuka, Kibwana mbele. "Mpo?" "Tupo." "Mnasemaje?" "Tunakataa." Fisi akacheka kile kicheko chake, lakini moyoni hakuwa na furaha.

Mara ya tatu hakufanya haraka. Alingoja. Na Fisi kwa kungoja humwezi. Si ndiye aliyemfuata mtu siku nzima akitumaini mkono utadondoka?

Basi siku moja Kibwana alitoka asubuhi kwenda kukwea, akarudishwa kwa machela. Mnazi ulikuwa umelowa umande. Wakamzika, wakatandika mikeka, kijiji kizima kikakaa na Mwanatumu. Mashavu aliketi kando yake, akamshika mkono, asiuachie.

Na nani alikuwa wa kwanza kuleta mchele? Fisi. Aliingia kwa kunyata, kanzu nyeupe, machozi yamelowesha masharubu.

"Pole, dada yangu," akasema. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ndugu zangu, kaeni naye. Msimwache hata kidogo."

Watu wakanong'onezana, kumbe Fisi naye ana utu! Akatoka kinyumenyume kwa adabu zote. Alipoiona njia, akatimua mbio mpaka bomani.

Alasiri, mbiu ikalia.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Waliisikia wote. Wanaume kibarazani, wanawake ndani. Macho yote yakamgeukia Mwanatumu. Neno lilikuwa moja tu, na mwenye nalo ni yeye.

Naye Mwanatumu aliisikia. Tena aliisikia kuliko wote, maana mbiu ile ndiyo iliyokuwa ikimwita mumewe. Alijua inaitia nini. Lakini akaiona nyumba ikibaki tupu. Akayaona makubadhi ya Kibwana pale mlangoni, na yeye peke yake nayo. Akaogopa. Tunu akamletea maji ya kisima kwenye kata yake ndogo. Akanywa. Hakusema.

Mbiu ikalia mara ya pili. Hakusema.

Mbiu ikalia mara ya tatu. Akafumba macho.

Msimhukumu. Kama yupo hapa aliyewahi kubaki peke yake na viatu vya marehemu, huyo na anyooshe mkono, nitamwachia aendelee kusimulia. Hakuna? Haya, naendelea mimi.

Kule bomani Jumbe akauliza, "Majirani, mpo?" Kimya. "Majirani, mpo?" Kunguru akalia juu ya paa. "Majirani, mpo?" Fisi akajikuna sikio.

"Basi wamekubali," akasema Jumbe, akampa Fisi kibali chake.

Matanga yakaanuliwa. Kulipokucha, mikokoteni ikawa inapanda kilima.

Kwanza wakaja nzi. Kisha ikaja harufu, ikaingia kwenye ugali, ikaingia kwenye mito ya kulalia. Kisha ikaja mvua, na maji ya kisima yakageuka rangi ya chai iliyolala. Watu wakavuka mto kwenda kulia kwa Jumbe.

"Mlipigiwa mbiu," akasema Jumbe.

"Tulikuwa msibani."

"Mimi nilimuuliza aliyekuwepo. Maji yakimwagika hayazoleki."

Wakarudi vichwa chini. Hakuna aliyemlaumu Mwanatumu. Hakuna aliyemtupia hata kijembe njiani. Wakimwona, wanamsaidia kujitwika ndoo. Na hilo ndilo lililomkondesha. Laiti wangemtukana, angelia akapumua.

Kijito chenye maji safi kilikuwa mbali, na mtoto akishikwa na kiu hangoji mama arudi. Tunu alikwenda kisimani na kata yake, akachota, akanywa. Tumbo likamshika. Macho yakazama. Mashavu akachemsha majani anayoyajua na asiyoyajua, Mwanatumu akakesha akimpepea. Haikufaa kitu. Tunu akawafia mikononi, mama zake wawili, huyu kichwani na huyu miguuni.

Mwanatumu alilia siku ile kilio ambacho hata mumewe hakumlilia.

Wakamzika bondeni, karibu na Kibwana. Wakatandika mikeka, kijiji kizima kikakaa na Mashavu. Na nani alikuwa wa kwanza kuleta mchele?

— Fisi!

Naam. Mmeshamjua. Kanzu ile ile, machozi yale yale. "Pole, dada yangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kaeni naye, ndugu zangu, msimwache." Akatoka kinyumenyume. Akatimua mbio. Kilima kilikuwa kimejaa, akataka shimo la pili. Na shimo lenyewe alilitaka bondeni, makaburini, ambako udongo wa Tunu ulikuwa haujakauka.

Mbiu ikalia.

Macho yote yakamgeukia Mashavu. Sasa Mwanatumu ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Ulimi ulimwasha. Alitaka kulisema lile neno yeye, lakini halikuwa lake tena. Lake alikwisha kulimeza.

Mbiu ikalia mara ya pili. Mashavu alikuwa anaitazama kata ya Tunu, imetundikwa pale ukutani kwenye msumari wake. Akauvuta mkono wake taratibu kutoka kwa Mwanatumu.

"Nendeni," akasema.

Hakuinuka mtu. Mzee mmoja akasema kutoka kibarazani, "Mwanangu, umezika leo asubuhi."

"Ndiyo maana nasema nendeni. Wote." Kisha akamgeukia Mwanatumu. "Hata wewe, shoga."

"Nikuache na nani?"

"Na nyumba yangu. Nenda ukaseme."

Wakaondoka mbio, wake kwa waume, kanga za msiba zikiwaponyoka mabegani. Nyuma yao mbiu ikalia mara ya tatu. Wakauvuka mto na nguo zao. Walipofika bomani Jumbe alikwisha kuuliza mara mbili, na Fisi alikwisha kuanza kujikuna sikio.

"Majirani, mpo?"

"Tupo." Alikuwa Mwanatumu, maji yanamchuruzika, pumzi zinamwishia.

"Mnasemaje?"

"Tunakataa. Mtoto wetu amelala bondeni. Huyu alimnywesha uchafu akiwa hai, hatammwagia uchafu akiwa amekufa."

Na nyuma yake kijiji kizima kikasema, "Tunakataa."

Jumbe akamtazama Fisi. Fisi akatazama miguu yake. Shimo la pili likakataliwa.

Hapa hadithi nyingine zingemuua Fisi. Zingemtumbukiza shimoni, watu wakapika pilau, watoto wakaenda kulala wanacheka. Hii haikumuua. Fisi alikunja kanzu yake akaenda kutafuta kijiji kingine kinachopendana. Kilima kikabaki vile vile. Kisima kikabaki vile vile. Na kaburi la Tunu likabaki fupi.

Mwanatumu alirudi mbio kuliko alivyokwenda. Akamkuta Mashavu peke yake mkekani, kata ya Tunu iko mapajani.

"Wamekusikia?" akauliza Mashavu.

"Wamenisikia."

Akaketi. Akasema, "Mashavu, siku ile ya Kibwana niliisikia mbiu."

"Najua. Nilikuwa nimekushika mkono. Kila ilipolia, ulinibana."

Mashavu akaigeuza ile kata, akaifuta kwa ncha ya kanga, ingawa ilikuwa kavu.

"Ningeweza kukwambia useme," akasema. "Sikukwambia. Nilikuonea huruma."

Wakalia pamoja, na siku ile hapakuwa na wa kumnyamazisha mwenzake.

Tangu hapo mpaka leo, Mtondoni wakimtandikia mfiwa mkeka, haanzi kulia. Huwatazama kwanza waliokuja kukaa naye, akawaambia, "Mkiitwa, nendeni." Akishalisema hilo, ndipo analia.

Hadithi inatoka mlangoni!
— Iende salama!
Imetuachia matope.
— Tutayafagia.
Na mkeka?
— Hatuukunji.