Jina la Juu kwenye Kiraka

Nipeni masikio; mwishoni nitawadai ulimi.

Korogwe waliishi marafiki watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Semeni alijaliwa macho: kasoro ya kioo cha kompyuta haikumpita. Shomari alijaliwa mkono wa kuandika programu. Mashavu alijaliwa subira ya kujaribu kitu mpaka kivunjike au kikubali.

Kompyuta kuukuu za shule ya kwao zilitumia mfumo wa Linux, na draiva yake, ile programu inayoiongoza kadi ya picha, ilikuwa na ugonjwa. Kompyuta ikiamshwa usingizini, kioo kilijaa michirizi. Draiva ni ya wote, kila fundi duniani ana ruhusa ya kuitia kiraka, yaani kipande cha programu cha kuirekebisha, lakini ugonjwa huo hakuna aliyejua unaanzia wapi.

Semeni akatazama weee, kisha akasema, "Haziumwi ovyo. Ni zile zilizolazwa video ikiwa wazi."

Shomari akaandika kiraka siku ileile. Akasifiwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kwenye kompyuta yake mpya kiraka kilikubali, kwenye zile kuukuu kikaleta giza tupu.

Mashavu akakijaribu kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Akailaza, akaiamsha, akailaza tena, mpaka akagundua. "Shomari, ngoja kadi iamke kwanza ndipo uiagize." Shomari akaongeza mstari mmoja, kioo kikatulia. Lakini kompyuta ya baba, kwa kuchoshwa, ikaungua.

Sasa, desturi ya mafundi wa draiva hiyo ni jina moja juu ya kiraka, la mwandishi. Wengine hutajwa chini, na nani husoma chini? Tena wasimamizi wa Linux walishatangaza kwamba mwenye jina la juu ndiye atakayekabidhiwa ulezi wa draiva.

Mashavu akakaa kwenye kompyuta ya Shomari ili akitume kwa wasimamizi. Kompyuta ikajijazia jina la mwenyewe: Shomari. Wivu ukamwingia. Aliyeleta giza awe juu, yeye aliyepoteza cha baba awe chini? Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta.

Shomari akaingia na birika la chai. "Limependeza jina langu hapo, eti?"

Semeni, aliyekaa kando na ambaye macho yake hayakosi kitu, akamdaka Mashavu mkono. "Ukifuta lake, usiandike lako. Bila mimi mngetibu ugonjwa gani?"

Chai ikapoa. Kiraka hakijatumwa, na shuleni michirizi ni ileile.

Haya, nadai ulimi wenu. Jina la nani likae juu? Nawe ungekuwa Mashavu, kidole chako kingefanya nini?