Bi Birika na Mkeka wa Mama

Roboti ya mezani haijui mkeka. Eti mama yenu kawaambia hivyo jikoni, mkanuna, mkaja mbio kwangu kuuliza nani kaitunga methali ya ajabu namna hiyo. Hakuna aliyekaa akaitunga, wanangu. Ilizaliwa sebuleni humu humu, mimi nikiona kwa macho yangu, na kanga yangu ikalowa chapachapa. Kaeni basi. Si hapo Shekue, unamkanyaga mwenzio. Haya, mambo yalianza hivi.

Baba yenu mkubwa, Mbwana, alikuwa akifanya kazi ofisini kwenye shamba la mkonge. Akirudi nyumbani hapa Muheza, wenzake wanakwenda kucheza bao, yeye anakwenda kwenye meza yetu ya chakula kucheza na roboti. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa. Alipenda tu. Gari likifa mtaani, anaomba mota ya waipa. Redio ikinyamaza, anaifungua tumbo. Meza ikajaa nyaya na skrubu, sisi tukawa tunakula na sahani mapajani. Nilimsema mpaka nikachoka.

Siku ya kwanza alipounda kitu kikatembea, aliniita kwa kelele, nikatoka jikoni na mikono imejaa unga.

"Mwanamkasi, njoo uone! Inakwenda!"

"Inakwenda wapi?"

"Inakwenda tu!"

Mtu mzima na ndevu zake anaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi! Nilitaka kugomba, nikajikuta nacheka.

Sasa, bibi yenu Mwantumu, mama yetu, alikuwa na desturi yake. Katika nyumba hii mgeni hali mpaka amenawishwa, na anayemnawisha ni yeye mwenyewe mwenye nyumba. Atakuja na birika na beseni, ataanza kwa mkubwa, atamimina pole pole huku akiuliza habari za nyumbani kwako. Hata ukija na shida kubwa namna gani, kabla hujatia tonge mdomoni ulishajiona umefika kwa watu wako.

Kisha magoti yakamgomea. Kuinama hawezi, kuzunguka na birika ndiyo kabisa. Nikawa nanawisha wageni mimi, naye amekaa kwenye kiti chake ananitazama mikono. Siku moja akasema, "Msinialikie mtu tena. Mgeni nisiyeweza kumnawisha, nimwite aje kutazama magoti yangu?" Nikadhani ni hasira za siku moja. Kumbe! Mkeka wa wageni, aliousuka mwenyewe kwa ukindu, ukakunjwa ukasimamishwa nyuma ya mlango. Wageni wakapungua, wakakoma. Nyumba ikapoa, na mama akapoa nayo. Iliniuma sana, maana mama yangu alikuwa mtu wa watu.

Mbwana naye ilimuuma. Lakini kaka yangu hajui kubembeleza, anajua bisibisi. Akajifungia na meza yake mpaka akaunda roboti wa kunawisha. Chini, magurudumu ya sanduku la safari. Katikati, betri ya pikipiki. Juu, birika letu la bati lenye pampu ndogo, ile inayorusha maji kwenye kioo cha gari, na beseni mbele yake. Alimtia na kijicho cha umeme: ukiweka mikono chini ya mdomo wa birika, maji yanatoka, ukiitoa, yanakatika. Tukamwita Bi Birika.

Alimjaribu juu ya meza, akaenda sawasawa. Akamshusha kwenye sakafu ya saruji, akateleza kama bibi harusi. Mchana kutwa anamnawisha baba yenu mkubwa mikono, mpaka vidole vikamkunjamana. Ndipo akamwendea mama.

"Mama, Idi pili tumwalike Mjomba Kibwana na watu wake kutoka Korogwe. Bi Birika atawanawisha kwa niaba yako."

Mama alikitazama kile kitu juu mpaka chini. "Haya," akasema. "Lakini kikinifedhehesha, Mbwana, mlango wa wageni umefungwa. Usiniombe tena."

Idi pili ikafika. Mama akajifukiza udi, akavaa kanga mpya, akakaa kwenye kiti chake akinyoosha shingo kutazama njiani. Wageni walipobisha hodi akaniambia, "We Mwanamkasi, tandika mkeka." Nikautoa nyuma ya mlango, nikautandika. Si mimi, si Mbwana, hakuna aliyewaza lolote. Tangu roboti aanze kuundwa, mkeka ulikuwa umekunjwa! Bi Birika hajawahi kuuona.

Wageni wakakaa, Mjomba Kibwana mbele yao na kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata. Mbwana akabonyeza swichi. Bi Birika akaja mdogo mdogo, watu wakasema mashaallah. Akafika kwenye ukingo wa mkeka. Vile vigurudumu vikakwama. Akasukuma, mkeka ukajikunja mbele yake. Akasukuma tena, akapiga mweleka, na maji karibu yote ya birika yakaishia kwenye kanzu ya mjomba. Yaliyobaki nikayapata mimi.

Nilimtazama mama, nikasema moyoni, basi tena, mlango ndio umefungwa.

Mjomba Kibwana akainuka, anachuruzika. Akaikamua kanzu yake.

"Dada," akasema, "zamani kwako tulikuwa tunanawishwa mikono. Siku hizi naona mnaogesha kabisa."

Mama akaguna. Akafunika mdomo kwa kanga. Kisha akacheka, wanangu, akacheka mpaka machozi, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu magoti yale yamshike. Sebule nzima ikaangua kicheko.

Mbwana peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya mashine yake, ameshatoa bisibisi, anafungua skrubu.

"Unafanya nini?" mama akamuuliza.

"Naivunja, mama. Imekutia aibu mbele ya watu."

"Weka hiyo bisibisi chini. Aibu gani? Mgeni kalowa, hajafa. Nikuulize mwanangu, huyu Bi Birika wako umemfundisha wapi kutembea?"

"Mezani, mama. Na sakafuni."

"Na mimi wageni wangu nawakalisha wapi?"

Mbwana akainamisha kichwa. "Kwenye mkeka."

"Sasa unamlaumia nini? Roboti ya mezani haijui mkeka. Mlete kwenye mkeka ajifunze." Akawageukia wageni. "Na nyinyi Ijumaa mrudi, mje tumfundishe. Kibwana, usivae kanzu mpya."

Basi wakarudi. Ijumaa hiyo, na iliyofuata, na nyingine nyingi. Bi Birika aliendelea kutuumbua. Jogoo alipita chini ya mdomo wa birika, akanawishwa, akakimbia akipiga kelele mtaa mzima. Watoto wakagundua kile kijicho, wakamaliza maji yote kwa mchezo. Lakini kila mgeni alikuja na shauri lake. Mjomba ndiye aliyeleta magurudumu makubwa ya baiskeli ya mtoto, yale yenye mpira, maana vile vidogo, alisema, vinachokoa mkeka badala ya kuupanda.

Na mama akatoa amri yake. "Hicho kijicho king'oe. Maji ya kumnawisha mgeni huamrishwa na mwenye nyumba." Mbwana akavuta waya, akamwekea mama swichi kwenye mkono wa kiti chake.

Siku Bi Birika alipopanda mkeka bila kuyumba na kusimama mbele ya Mjomba Kibwana, wote tulisogea kutazama. Mjomba akakinga mikono. Mama akabonyeza swichi yake, maji yakaanza kushuka pole pole.

"Karibu kaka yangu," akasema, "nawa. Habari za Korogwe?"

Mjomba alilia. Mimi nililia. Mbwana alisema moshi wa jikoni umemwingia machoni, na jiko lilikuwa limeshazimwa zamani.

Tangu hapo mkeka ule haukurudi nyuma ya mlango mpaka mama alipofariki, na hata siku ya mazishi yake sebule ilijaa watu waliowahi kulowa humu. Hebu Mwanaidi, inua mguu. Unaliona hilo doa jeusi pembeni mwa mkeka huu? Ni grisi ya vile vigurudumu vya sanduku. Nililisugua kwa sabuni siku moja tu, halafu nikaliacha, nikalipenda.

Haya. Nasikia mna kitoroli chenu cha kubebea machungwa, kinajiendesha chenyewe, mmekificha chini ya kitanda kwa sababu mnaogopa watu watacheka kikipinduka. Watacheka, ndiyo. Na mimi nitacheka wa kwanza. Nendeni mkakitoe. Mvua imekatika sasa hivi, matope ya kwenda shambani bado mabichi, na roboti ya mezani haijui mkeka.