Sungura Aliyejitia Kipandauso

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Mto ukabaki mchanga mtupu, nyasi zikawa vumbi, na nyika nzima ikasaliwa na matikitimaji ya shamba la Simba tu. Simba mwenyewe hakuwa na hamu nayo. Kipandauso kilikuwa kimemwandama mwezi wa tatu sasa: nusu ya kichwa inagonga, mwanga unamchoma macho, na ngurumo yake mwenyewe inamuumiza, hata akawa anatoa amri kwa kunong'ona.

Mganga wake, Kobe, alikuwa na dawa tatu. Lakini Simba, kwa majivuno yake, alisema kinywa cha mfalme hakionji kitu kisichoonjwa. Basi ikatangazwa kwamba mnyama yeyote mwenye kipandauso aje pangoni ajaribiwe dawa, na kila siku atapewa tikiti moja.

Sungura hakuwa ameumwa kichwa tangu azaliwe. Alikuwa na kiu tu, na akili ambayo hakuna aliyeisifu kuliko yeye mwenyewe. Akajifunga ukamba wa gome kichwani, akaenda akiyumbayumba.

Fisi naye alifika, akasema kichwa kinamuuma pande zote, na mkia pia. Alipopewa tikiti alilila na maganda yake, akala na la Sungura, kisha akauliza chakula cha jioni kinaletwa lini. Kobe akamfukuza, maana mwenye kipandauso hutapika hata kwa harufu ya chakula. Sungura akacheka moyoni, na tangu hapo akawa anakula tikiti lake pale tu Kobe anapogeuka.

Akapewa dawa ya kwanza. Akasema bado kinauma, kwani angesema amepona, tikiti lingekoma. Ya pili, bado. Ya tatu, bado, tena kinazidi. Kobe akaziweka dawa zote kando kwa huzuni, na kule ndani gizani Simba akaanza kulia. Sungura alimsikia, akaona haya kwelikweli. Kisha akaliona tikiti, na haya ikapita.

Ila Kobe alikuwa amekwisha kuingiwa na shaka. Mfalme havumilii hata sauti yake mwenyewe, na huyu anaguna kutwa nzima. Akachukua unyoya wa kanga, akamweleza Sungura kwamba mwenye kipandauso akipapaswa uso kwa unyoya huona kama amepigwa. Akamfunga macho kwa jani.

"Sasa nagusa kushoto," Kobe akasema.

"Mzee Kobe, umeniua," Sungura akalia, akiruka.

"Na sasa kulia."

Sungura akapiga yowe lililowaamsha popo.

Kobe akamfungua macho. Unyoya ulikuwa umechomekwa kwenye ufa wa mwamba, hatua kumi kutoka pale. "Haujatoka hapo tangu nikufunge macho," Kobe akasema.

Sungura akainamisha masikio. Alijiona mjinga kuliko Fisi, maana Fisi angalau alishiba.

Simba akanong'ona hukumu: Sungura atachota maji kisima cha mbali cha mfalme, bila kuonja tone, anyweshee matikiti jua la utosi. Siku ya tatu nusu ya kichwa chake ikaanza kugonga. Akatapika. Akajikokota hadi kwenye giza la pango, akalala akielekea ukutani, kimya. Kobe akamwekea tikiti pembeni; hakuligeukia. Akampitishia unyoya shavuni bila kumwambia. Sungura akajikunyata asitoe sauti.

"Huyu sasa anaumwa," Kobe akamwambia mfalme, akazileta upya zile dawa.

Ya kwanza haikufaa. Ya pili ikamponya. Simba akainywa, akapona, akanguruma mpaka mawe yakaporomoka. Kwa furaha akamsamehe Sungura, akamwambia achukue tikiti lake aende zake.

Sungura akageuka kulichukua. Fisi alikuwa pale mlangoni, anamalizia maganda.

Sungura akacheka, safari hii akijicheka mwenyewe, akashika njia na kiu yake ileile. Njia ya mwongo ni fupi.