Moto Uliokula Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Nianze, au mmeshaanza kusinzia?

Anza, macho tunayo!

Hapo zamani za kale, huko milimani ambako hata jua huchelewa kuamka kwa baridi, aliishi Pimbi. Alikuwa na nyumba ya miti na watoto watatu. Kitindamimba wake aliitwa Chembe, na alikuwa mdogo hata ukimkaribia unaogopa kupumua.

Kipupwe kikaingia. Siku ya kwanza Chembe akatetemeka. Siku ya pili akatetemeka. Siku ya tatu akaacha kunyonya. Pimbi akaingiwa na hofu kubwa, maana alijua mtoto asipopata joto atamzika.

Akaenda kwa jirani yake Nyani kuomba ushauri.

"Dada Pimbi, hilo tu ndilo linalokuliza?" Nyani akasema. "Washa moto katikati ya nyumba. Mkubwa kabisa! Moto mdogo ni wa maskini."

Mnamjua Nyani. Kukata kuni hataki, lakini kuota moto anapenda. Jioni ile ile akaja na mkewe na wajomba zake, wakauzunguka moto, wakanyoosha miguu. Chembe akabaki nyuma ya migongo yao, anatetemeka.

Asubuhi moto ukasema, "Mama Pimbi, nina njaa!" Pimbi akaupa kuni zote. Ukazila.

Moto ukasema, "Mama Pimbi, nina njaa!" Pimbi akavunja kitanda. Ukakila.

Moto ukasema, "Mama Pimbi, nina njaa!" Sasa alibakiwa na nini, jamani? Akang'oa mlango! Msicheke. Mtoto angekuwa wako, ungeng'oa na paa.

Mlango ukawaka vizuri sana. Na baridi ikaingia bila hodi.

Pimbi akaketi chini, akalia kwa uchungu. Bi Mchwa alikuwa akipita na udongo wake mdomoni. Akautua chini.

"Shikamoo, bibi," Pimbi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Moto huu unampasha nani joto?"

"Wanangu, bibi."

"Wanao? Hebu weka mkono kwenye huo ufa."

Pimbi akaweka mkono kwenye ufa wa ukuta. Loo! Joto lilikuwa likitoka nje mbio mbio.

"Unaupasha joto mlima," akasema Bi Mchwa. "Na mlima haujakuomba."

Wakaanza kazi saa ile ile. Kwanza wakakandika nyufa zote kwa udongo. Kisha wakasuka mlango mnene wa nyasi. Mwisho wakafinyanga jiko, dogo, tumbo nene, mdomo mwembamba. Pimbi akatia vijiti vitatu, vitatu tu!

Vijiti vikaisha, udongo ukabaki na joto lake. Pimbi akangoja moto udai chakula. Moto ukacheua, ukasema, "Mama Pimbi, nimeshiba."

Chembe akajinyoosha. Akafungua mdomo, akatafuta titi la mama yake. Pimbi akalia tena, safari hii kwa furaha.

Jioni Nyani akaja na mkewe na wajomba zake. "Dada Pimbi, moto uko wapi? Umeshakuwa maskini?"

"Umo humu humu, jirani. Karibu ukae."

Nyani akatazama huku na huku. Akaona kitu cha udongo, laini, cha mviringo. Akadhani ni kigoda. Akaketi!

Mlio wake ulisikika hadi bondeni. Makalio yake ni mekundu mpaka leo, na hapendi kuulizwa.

Basi wanangu, funzo ni hili: kabla ya kuongeza kuni, ziba nyufa. Na mtu akikushauri uwashe moto mkubwa, tazama kwanza ni nani atakayeuota.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naufunga. Utamu nendeni nao, uchungu niachieni mimi.